Cetaphil Gentle Skin Cleanser: sabuni ya uso isiyojua povu

Ukibonyeza pampu, kinachotoka kina rangi ya maziwa yaliyozidishwa maji na utelezi wa ute wa bamia. Hakinukii. Ukikisugua usoni, povu karibu hakuna. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, maana tumekua tukiamini kwamba sabuni isiyotoa povu imechakachuliwa. Kwa hii mambo ni kinyume: ikifurika povu au ikinukia mawaridi, hiyo ndiyo ya kuitilia shaka.

Cetaphil ilianzia Texas, Marekani, mwaka 1947, na leo inatengenezwa na Galderma ya Uswisi. Kwa miaka mingi ilikuwa na viambato 8 tu, na kiambato kimoja kati ya hivyo, Sodium Lauryl Sulfate, ndicho kilichokuwa kikilalamikiwa na wenye pumu ya ngozi, japo kilikuwa kidogo. Mchanganyiko wa sasa umekitoa pamoja na vihifadhi vitatu vya aina ya paraben. Kazi ya kung'oa uchafu sasa inafanywa na Sodium Cocoyl Isethionate, kinachotokana na mafuta ya nazi na ambacho ni mpole zaidi. Glycerin, inayovuta unyevu, imeongezwa na iko nafasi ya pili baada ya maji, halafu kuna panthenol na niacinamide, zote za jamii ya vitamini B. Hivi viwili visikupumbaze: kitu kinachokaa usoni nusu dakika kisha kikaenda na maji hakiwezi kufuta madoa. Nunua hii kwa sababu inaosha bila kuumiza, si kwa sababu ya vitamini zilizochorwa kwenye lebo.

Upole huo unatoka wapi? Uso wenye afya una tindikali kidogo, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali). Sabuni ya kipande ya kawaida iko kwenye 9 au 10, na ya mche haina tofauti. Kila ukiosha, ngozi inahitaji saa kadhaa kurudi ilipokuwa, na ukiosha mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto huenda isirudi kabisa. Ongeza na maji. Maji mengi ya visima yana chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni hutengeneza utando, ule ule unaoacha duara jeupe kwenye beseni. Utando huo hubaki usoni pia, ukiwashawasha. Cetaphil si sabuni kwa maana hiyo ya kikemia, hivyo haigandi na chokaa. Mtu anayeoga maji ya kisima ataiona tofauti hii mapema kuliko anayetumia maji yasiyo na chokaa.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kwanza kama ngozi yako ni nyeti kweli. Maelezo mengi yanasema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mengine: sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, kijivujivu pembeni mwa pua, joto ukigusa, mwasho bila vipele, au losheni ya kawaida inayochoma ukiipaka. Osha uso kwa sabuni unayotumia sasa, kausha, usipake chochote kwa nusu saa. Ukihisi shavu linavuta kama limepakwa gundi, sabuni hiyo inakuzidi nguvu. Na kwa ngozi yetu jambo hili si dogo, maana muwasho unaojirudia unaweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi.

Ukisoma lebo utakutana na Cetearyl Alcohol. Msomaji anayejiuliza kuhusu ulevi au uhalali wake atulie: hiyo ni aina ya nta, nyeupe na ngumu, haileweshi wala haikaushi ngozi kama spiriti. Ya kuiogopa kwenye ngozi nyeti ni Alcohol Denat, ambayo ndiyo spiriti yenyewe, na humu haimo. Neno Parfum, yaani manukato, pia halimo. Wachache huwashwa na niacinamide au na kihifadhi cha Sodium Benzoate. Hao wataijua kwenye jaribio tutakalolieleza chini.

Dukani, soma jina lote. Cetaphil ina chupa nyingi zinazofanana kama mapacha, na ile ya ngozi ya mafuta inakausha zaidi. Unayoitaka ina maneno Gentle Skin Cleanser. Geuza nyuma: ukikuta Sodium Lauryl Sulfate na paraben, huo ni mchanganyiko wa zamani, si lazima iwe bandia, lakini muulize muuzaji imekaa rafuni tangu lini. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi ziwe zimepigwa kwenye chupa yenyewe na zisifutike kwa kidole chenye mate. Kifuniko kisiwe kimefunguliwa. Kukubali "ya kupima", yaani iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na lebo, ni kununua usichokijua. Duka la dawa linalotoa risiti ni salama kuliko meza ya kando ya barabara, hata kwa sababu moja tu: chupa iliyoshinda juani wiki tatu si ile iliyotoka kiwandani.

Jaribio ni hili. Paka kidogo chini ya taya, karibu na sikio, suuza baada ya nusu dakika, asubuhi na jioni, siku 7. Usijaribie mkononi ukaridhika, ngozi ya mkono ni ngumu kuliko ya uso. Katika wiki hiyo usianze losheni nyingine mpya, la sivyo ukiwashwa hutajua mchawi ni nani.

Matumizi yenyewe. Nawa mikono kwanza. Mtu anayepaka sabuni laini kwa vidole vyenye mabaki ya pilipili au dawa ya vyombo asiilaumu sabuni. Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu. Dar au Mombasa maji ya bomba mchana yanatosha, Njombe au Limuru mwezi wa 7 changanya na ya moto kidogo, yasizidi joto la mkono. Chukua kama nusu kijiko cha chai au pungufu kidogo. Pitisha kwa ncha za vidole kwa sekunde 20 hadi 30, ukiingia kwenye mbawa za pua, kidevuni, na ule mstari wa nywele ambako mafuta ya kichwa hujificha. Dodoki, brashi na kitambaa cha kusugulia viache bafuni kwa ajili ya miguu.

Kusuuza ndiko kunakoharibu kazi mara nyingi. Kwa kuwa hakuna povu la kukuonyesha, ni rahisi kuacha mabaki kwenye taya na nyuma ya masikio, na baada ya siku chache vipele vidogo vinatokea hapo hapo, kisha lawama zinaangukia chupa. Mwagia maji mara 10 hadi 15 kwa kiganja, mpaka utelezi uishe. Utabaki ulaini kidogo, huo ni wa glycerin, usiusugue. Kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba; kipande cha khanga kuukuu kilichofuliwa mara nyingi kinashinda taulo jipya. Paka losheni yako uso ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika mbili tatu.

Usiku inatosha mara moja. Asubuhi, kama hukutoka jasho jingi, maji matupu yanafaa.

Inaweza pia kutumika bila maji, na hili ni jambo zuri kwa mgonjwa kitandani au siku bomba limekauka: paka kwenye uso mkavu, zungusha vidole, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu mpaka kisiteleze. Kufuta si kusugua. Mwenye ngozi iliyochubuka asiifanye desturi.

Sasa udhaifu wake. Haimudu vitu vinavyokaa. Losheni ya kukinga jua isiyotoka kwa maji, faundesheni nzito, maskara, wanja wa kope: yote haya yatabaki nusu, na utayaona kwenye kitambaa cheupe ukifutia. Ukijaribu kufidia kwa kuosha mara tatu, umefuta upole wote ulioulipia. Tangulia na mafuta: matone machache ya mafuta ya mtoto yasiyo na manukato kwenye uso mkavu, zungusha dakika moja, futa kwa pamba, ndipo uoshe. Mwendesha bodaboda anayerudi na vumbi na moshi usoni, mwenye ngozi ya mafuta, pengine atahisi hajatakata. Huyo atafute inayotoa povu kidogo. Sabuni ya Sebamed, yenye pH 5.5, ni njia nyingine. CeraVe Hydrating ina krimu zaidi na seramidi (mafuta yanayofanana na ya asili ya ngozi), nzuri kwa ngozi iliyokauka sana, ingawa nayo haitoi povu. Mwenye bajeti finyu atazame kipande cha Dove kisicho na manukato: si sabuni ya kawaida, pH yake iko karibu na 7, na ni hatua kubwa kutoka kwenye kipande cha kufulia.

Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili wenye karafuu, na liwa ni vya mwili na vya harusi, si vya uso unaochoma. Karafuu haina huruma kwa ngozi iliyoudhika. Ndimu ni mbaya zaidi, maana juisi yake ikikutana na jua inaweza kuunguza na kuacha doa jeusi.

Kuna wanaoinunua kwa matumaini kwamba itatibu uso ulioharibiwa na mkorogo. Haitatibu. Krimu za mkorogo zenye clobetasol au betamethasone, ambazo ni dawa kali za steroidi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ukiziacha ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka vibaya. Sabuni laini inasaidia kutoongeza kidonda, lakini hapo anatakiwa daktari wa ngozi. Hivyo hivyo kwa ufa unaotoa majimaji au uvimbe wa macho.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei za chupa, linganisha siku. Chupa ya mililita 236, kwa mililita 2 asubuhi na 2 usiku, inakwenda siku 59. Anayeosha usiku tu anafika karibu miezi minne. Gawanya bei ya dukani kwako kwa namba hiyo. Na ikifika mwisho usiongeze maji ili "isiishe haraka": maji yanapunguza nguvu ya kihifadhi, na bafu lenye joto linaotesha vijidudu humo ndani. Pindua chupa usiku kucha juu ya kikombe, asubuhi utapata ya siku tatu nyingine.