Ekseli ya nyuma ya Land Rover 109: hii gereji ya Industrial Area Nakuru inajua kazi

Wenye Land Rover Series III upande huu wa Nakuru, Njoro, Molo hadi Rongai, hii ni yenu. Kuna gereji ndogo ya mabati huku Industrial Area, haina hata kibao, wanashughulika na Land Rover na Peugeot za zamani tu, na nimeona niwaambie vile walinitengenezea ekseli ya nyuma juu fundi wa kazi kama hiyo siku hizi ni shida kupata. Series III ziliacha kutengenezwa 1985, kwa hivyo hata ile changa kabisa imepitisha miaka 40, na vijana wengi wa gereji hawajawahi kufungua moja.

Yangu ni 109 pickup, ile ndefu, tunabebea viazi na bado iko kazini kila siku. Ilianza kulia huko nyuma, mlio wa vuuu ukishafika spidi ya 50 hivi, halafu ukiweka gia ukiachilia klachi inagonga kang', na gurudumu la nyuma la kulia limelowa mafuta mpaka kwa rimu. Gereji ya kwanza niliyoenda (siitaji) walisikiliza kidogo tu wakasema difu (zile gia za katikati ya ekseli) imekufa, toa hiyo ekseli yote uweke ya Toyota. Jamani. Ekseli ya aina ya Salisbury iliyo kwa hizi 109 ni chuma nzito kuliko ile ya Rover iliyo kwa 88, zile fupi, haivunjiki ovyo, na ukiitoa uweke ya Toyota unaanza kubadilisha breki, propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwa ekseli), rimu, mwisho umemaliza pesa na gari si ile tena. Mimi hiyo sikubali.

Sasa huyu mzee wa Industrial Area hata spana hakushika. Aliingia akakaa kwa usukani akasema "kijana wangu, twende Menengai kwanza." Tukapanda ile barabara ya kuenda kreta, madirisha wazi, anakanyaga mafuta, anaachilia, anakanyaga tena, na kwa kushuka anaacha gia ndio ishike gari. Akanielezea tukishuka: mlio wa krauni na pinion, zile gia mbili kubwa za difu, hubadilika ukikanyaga mafuta na ukiachilia, huu wako haubadiliki, unafuata spidi tu, na tukikata kona ya kushoto unazidi kwa sababu uzito unaenda kulia, basi hiyo ni beringi ya gurudumu la kulia. Na ile kang' ni yunivasoli, kiungo cha msalaba cha propela. Tuliporudi akalala chini ya gari akashika propela akaizungusha kwa mkono huku na huku, nikaona mwenyewe ule msalaba ukicheza ndani ya vikombe vyake.

Lakini kitu kilichonifanya niandike haya yote ni briza. Ni kijidude kidogo hapo juu ya mfuko wa ekseli, kazi yake kutoa hewa, na watu wengi hawajui hata kama kiko. Vumbi la Nakuru mnalijua, laini kama unga, lilikuwa limeshikana na mafuta likakiziba kabisa. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani inapanuka, haina pa kutokea, inasukuma mafuta yapite kwa sili ya habu (ile ya kuzuia mafuta katikati ya gurudumu) mpaka kwa brek shuu. Na ukiingia mtoni ekseli ikiwa bado moto inapoa ghafla, inavuta maji ndani, ndio baadaye ukifungua unakuta mafuta yamegeuka meupe. Yaani angebadilisha sili peke yake akaacha briza imeziba, ingevuja tena na ningerudi nikilaumu sili. Aliweka briza mpya na akaiunganisha na mpira mrefu mpaka juu kwa chesisi, mbali na vumbi na maji, gharama yake ni kitu kidogo sana.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa utaratibu. Kabla ya kumwaga mafuta alifungua kwanza plagi ya kujazia, juu ukimwaga halafu ile ya kujazia ikatae kufunguka umebaki na ekseli kavu na gari haiendi popote. Mafuta ya zamani aliyashika kati ya vidole akayapeleka kwa jua: uji wa kijivu laini ni kuisha kwa kawaida, ukiona vipande vinang'aa hapo ndio kuna neno. Akafungua mfuniko wa nyuma akapangusa meno ya krauni, akamulika tochi akizungusha jino kwa jino. Yote mazima. Akaniambia wazi kwamba yangekuwa yameharibika asingeyagusa, kwa sababu Salisbury inataka kifaa maalum cha kupanua mfuko ndio krauni itoke na yeye hana, angenielekeza kwingine. Fundi wa kusema hivyo namwamini.

Haf shafti, ile inayozungusha gurudumu, ilitoka kwa kufungua boliti sita tu, gurudumu likiwa bado chini, hiyo raha ya Land Rover. Beringi ya nje ilikuwa imechimbika vishimo, akabadilisha koni pamoja na kikombe chake, halafu akakaza nati ya habu huku akizungusha, akailegeza mpaka kipimo cha kucheza kwa habu kikasoma kati ya milimita 0.10 na 0.15. Wengi hukaza mpaka mwisho na kuacha hivyo, beringi inaungua. Brek shuu zilizolowa alikataa kabisa kuoshwa na petroli, tukanunua mpya za pande zote mbili. Kisha mafuta mapya ya ekseli, EP 90, lita 2.5, mpaka ikaanza kudondoka kwa tundu la kujazia. Ile ya 88 inachukua 1.75, ukiweka kipimo hicho kwa 109 umeipunja.

Yasiyonifurahisha pia yapo. Karai la petroli la kuoshea spea liko karibu sana na mahali wanachomelea, hiyo ni hatari ya kweli na nilimwambia mzee mwenyewe. Risiti wanaandika jumla tu bila kuonyesha kila kitu ni pesa ngapi. Anayejua kazi ni mmoja, kwa hivyo foleni ni ndefu na simu haishikwi. Spea hawana, unanunua wewe, na hapo chunga sili, zile za bei rahisi mdomo wake ni mgumu na unapasuka haraka, zangu niliagiza Kirinyaga Road Nairobi zikaletwa na shato.

Ufundi alinichaji 7,500 na kwa kazi hiyo sioni ni ghali. Nimepanda nayo Mau Summit imejaa magunia, vuuu hakuna, kang' hakuna, rimu kavu.

Ukienda fika asubuhi mapema kabla hajalala chini ya gari ya mtu mwingine, beba sili mbili za habu na yunivasoli, na mwambie aangalie briza hata kama hakuna kinachovuja.