Marantz SA-10 au Esoteric K-03XD: ipi ununue, na lini uziache zote mbili

Ukishafika daraja hili la mashine za kuchezea diski, swali la "ipi ina sauti nzuri" halijibiki kirahisi. Zote mbili ni kazi ya Wajapani, zote zinacheza CD na SACD (diski inayofanana na CD lakini yenye rekodi ya ubora wa juu zaidi), na bei ya yoyote kati yake ni ya kulala nayo kwanza kabla hujatoa pesa. Hakuna iliyo mbovu. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko utakayoipata kwa kusogeza spika zako kidogo kutoka ukutani, na ndogo zaidi kuliko ile utakayodhani umeisikia dukani. Acha nianze na hilo la dukani, maana ndiko pesa nyingi zinakopotelea.

Kiwango kilichozoeleka cha mashine ya CD ni kutoa volti 2 kwenye soketi za RCA (zile ndogo za duara za kawaida) pale muziki unapofika kileleni. Watengenezaji wengi hupandisha kidogo. Mashine ikitoa volti 2.3, tayari imeizidi ya volti 2 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1.2 hivi. Kwa tofauti ndogo kama hiyo, msikilizaji hasemi "hii inapiga kwa nguvu zaidi". Husema hii ina uhai, besi imeshika, mwimbaji amesogea mbele. Soketi za XLR, zile kubwa za pini tatu, ndizo balaa kabisa, kwani mara nyingi hutoa maradufu ya RCA, yaani desibeli 6 za ziada. Muuzaji akiunganisha mashine moja kwa RCA na nyingine kwa XLR, ameshakuchagulia mshindi, hata kama hakukusudia.

Dawa yake ni multimita ya kawaida ya fundi umeme. Weka diski yenye mlio wa majaribio wa hezi 400 au 1,000, geuza multimita kwenye volti za AC, kisha gusisha ncha zake nyuma ya amplifaya pale waya za spika zinapoingia. (Ncha hizo zisigusane, la sivyo unaweza kuiunguza amplifaya.) Andika namba uliyoipata, hamia mashine ya pili, na urekebishe sauti mpaka namba ikaribiane na ile ya kwanza, tofauti isizidi asilimia 1. Amplifaya inayopanda kwa hatua za nusu desibeli huenda isikufikishe hapo, karibia uwezavyo. Baada ya hapo mtu mwingine awe ndiye anayebadilisha, nawe usijue ipi inapiga. Sikiliza noti moja ya piano inavyofifia mpaka kimya, na makofi ya watazamaji kwenye rekodi ya jukwaani, kama unasikia viganja vya watu au kelele kama ya mvua. Nyimbo zenye kishindo hazikusaidii kitu hapa, zinafurahisha tu.

Wengi wakifanya jaribio hili hunyamaza. Ile Marantz "laini" na ile Esoteric "yenye makali" wanazosoma habari zake kila siku zinasogeleana sana, na wengine hukisia tu.

Basi pesa zote hizo zinakwenda wapi? Hapo ndipo mashine hizi zinapoachana njia. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, imehifadhi muziki kwa biti 16, sampuli 44,100 kila sekunde. SACD ya mwaka 1999 ina biti moja tu, lakini inasomwa zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde. Marantz waliamua kwamba SA-10 isiwe na chipu ya kununua ya kugeuza dijitali kuwa analogi. CD ikiingia, inageuzwa kwanza kuwa mkondo wa biti moja kama wa SACD, halafu inachujwa na kutoka. Kuna vichujio viwili vya kuchagua kwa rimoti. Tofauti yao iko juu kabisa, karibu na mwisho wa usikivu wa binadamu, na ukishavuka umri wa miaka 40 sidhani kama utahangaika navyo baada ya wiki ya kwanza.

Esoteric nao wameachana na chipu kwenye K-03XD, wakaunda sakiti yao kwa vipande kimoja kimoja. Ila fahari yao ya siku zote ni mtambo wa kusomea diski, VRDS. Ukifunga trei, diski inabanwa upande wa lebo na sahani yenye upana unaokaribia wa diski yenyewe, ikanyooshwa na kuzungushwa pamoja nayo. Hata diski iliyopinda kidogo inalala bapa, na leza haina haja ya kuikimbiza juu na chini. Trei yenyewe inatembea kwa utulivu unaokufanya utake kuifungua tena bila sababu. Ni uhandisi wa kupendeza mno.

Je, unasikika? Kwenye CD safi, nasema kidogo sana kama upo. Data ya CD imefungwa na kanuni ya kurekebisha makosa inayoweza kurudisha kikamilifu pengo la kama milimita 2.5 kwenye mstari wa diski, kwa hiyo mashine yoyote nzima inasoma biti zilezile. Faida ya mtambo mzito ni ukimya wa uendeshaji, uvumilivu kwa diski zilizopinda, na umri.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Namba moja, kwa mwenye rafu ya CD tupu bila SACD: usinunue yoyote kati ya hizi mbili. Chukua mashine ya kawaida yenye soketi ya dijitali, iunganishe na kigeuzi cha nje (cha kugeuza dijitali kuwa analogi) kilichopimwa vizuri, na kinachobaki kiingie kwenye spika. Najua si jibu linalotamanisha.

Namba mbili, na ndiyo ya kwanza kwa mwenye SACD, ni Marantz SA-10. Njia ya kigeuzi cha nje inakwama hapa, kwa sababu ulinzi dhidi ya kunakili hauruhusu muziki wa SACD kutoka kwenye soketi za kawaida za dijitali. Unahitaji mashine inayosoma na kugeuza ndani yake. Hii inafanya hivyo vizuri, na pia inapokea kompyuta kwa USB, hivyo inatumika hata siku isiyo na diski. Mashine iitwayo SACD 10 imeshachukua nafasi yake kwenye orodha ya Marantz, jambo linalomsaidia anayewinda iliyotumika.

Namba tatu ni K-03XD. Ningeipandisha juu ya Marantz kwa mtu mmoja tu: mwenye mamia ya diski za zamani, nyingine zimepinda, anayekusudia kukaa na mashine moja mpaka uzeeni. Ukiinunua kwa ajili ya sauti peke yake, utakuwa umelipia chuma.

Za mwisho kabisa ni zile mashine kubwa za zamani zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Leza huchakaa, na mtambo wa Philips CD-Pro2 uliotumiwa na makampuni mengi ya kifahari hautengenezwi tena. Kabla ya kutoa pesa, muulize fundi wako swali moja: spea ya leza ipo? Akisitasita, ondoka. Kama ipo, jaribu mashine kwa diski ndefu, uende moja kwa moja wimbo wa mwisho, kwa sababu CD husomwa kutoka katikati kwenda nje na leza iliyochoka mara nyingi huanza kurukaruka huko ukingoni. Kisha igeuze usome kibandiko cha nyuma. Zilizokusudiwa soko la ndani la Japani zinatumia umeme wa volti 100, na nchi nyingine nyingi zina 220 hadi 240.