Butimba au FETA Nyegezi, kwa anayelipenda ziwa na kufundisha

Wadogo zangu wa Mwanza mnaniuliza sana hili: ukitaka kufundisha watu kulitunza ziwa, uende chuo gani kati ya hivi viwili? Ukienda chuo cha ualimu Butimba unatoka mwalimu, afu watoto unao mwaka mzima, unaanzisha klabu ya mazingira, mnapanda miti, unawapeleka hadi mto Mirongo waone wenyewe taka za mjini zinavyoishia ziwani, na mtoto akielewa jioni anamwambia baba ake mvuvi. FETA ni chuo cha uvuvi, ukiajiriwa uko mwaloni na BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia mwalo, unaelimisha watu kuhusu makokoro (nyavu za kukokota) na nyavu za macho madogo, ambazo ni haramu, kazi muhimu kwelikweli, ila kesho ndo wewe unayezikamata hizo nyavu, sa nani atakusikiliza kwa moyo? Mi ningeenda Butimba.