Seti ya dripu kwa bustani ya shule, nyota nne kati ya tano

Hii ni ile seti ya kumwagilia kwa matone, tangi dogo na mipira myeusi yenye vitundu, tumeifunga kwenye bustani ya shule na nasema mapema nimeipenda. Sababu kubwa ni likizo. Wenye bustani za shule mnajua zinakufa lini, wala sio wadudu, ni pale shule imefungwa, watoto wako makwao, na mwalimu wa zamu anakuja kukumbuka kumwagilia nyanya zishalala chini. Sasa hivi mlinzi anafungua koki asubuhi anaenda zake getini, baadae anapita kufunga, basi.

Haitaki umeme wala pampu, tangi ukiliinua kama mita 1 maji yanashuka yenyewe. Vitundu vyetu viko kila sentimita 30, mche unapata maji palepale kwenye mizizi na katikati ya mistari panabaki pakavu, kwa hiyo magugu yamepungua sana. Na majani hayalowi, jambo zuri mno kwa nyanya maana ukungu unapenda majani yenye maji. Ila mistari isiwe mirefu sana, presha ni ndogo, miche ya mwisho itaambulia unyevu tu.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya filta. Ni ndogo mno! Sisi tunatumia maji ya paa, yana mchanga na vijani, ikiziba hujui, tangi limejaa, koki iko wazi, unaona mambo safi kumbe mstari mzima umekauka. Ukiifungua unakuta tope la kijani limeganda kwenye wavu, unasugua na mswaki wa zamani unarudisha. Vizibo vya mwisho wa mipira navyo vifunguliwe mara mojamoja uchafu utoke. Karatasi ya maelekezo haijagusia hata kidogo.

Watu wanapenda kutuma picha za Todmorden, mji mdogo kule Uingereza ambako mboga za kuchumwa na yeyote zimepandwa hadharani mpaka kituo cha polisi, na kweli inatia moyo sana, lakini kule tangu 2008 wanaohudumia ni wakazi wanaojitolea. Shule ikisema "bustani ni ya wote" filta haioshwi na mtu, andikeni jina kwenye ratiba ya zamu, na likizo pia.

Mkinunua ombeni maungio ya akiba, watoto wanayakanyaga.