Duka Lililomuuliza Mpwa Wangu "Basi Unavitakia Nini?"

Duka ninalolizungumzia lipo katikati ya mji wa Mombasa, na wazazi wengi wa hapa wanalijua kwa sababu ndilo wanalolikimbilia kila shule zinapofunguliwa. Jina lake sitalitaja. Kwa vitabu vya kiada, madaftari na vifaa vya jiometri sina lawama nalo: orodha ya shule ukiipeleka asubuhi, mchana unakuta kila kitu kimekwisha kufungwa na hesabu haina kasoro. Nayatanguliza haya ili ijulikane kwamba simwonei mtu. Ninalolilalamikia ni jinsi duka hilo linavyomtendea mtu anayeingia kutafuta kitabu cha Kiswahili kwa kuwa anapenda kusoma, basi, pasipo mtihani wowote mbele yake.

Binti ya kaka yangu amemaliza kidato cha nne hivi karibuni. Ni msomaji tangu utotoni, lakini miaka ya sekondari ilimchosha, kwa kuwa kila riwaya aliyoishika ilikuja na maswali ya maudhui, wahusika na tamathali za usemi, hata akaanza kuamini kwamba hadithi ya Kiswahili huandikwa ili itahiniwe. Kwa hiyo siku aliponiambia, "Shangazi, nataka hadithi ambayo hakuna atakayeniuliza maswali nikiimaliza," nilifurahi kupita kiasi, nikamwambia avae twende, na kwamba chochote atakachokichagua nitakilipia mimi.

Kwenye kaunta alikuwapo bwana wa makamo, ambaye kwa jinsi wenzake walivyomwogopa nilitambua kuwa ndiye msimamizi. Mpwa wangu alimwamkia kwa adabu kama alivyolelewa, kisha akamwambia kwamba anatafuta hadithi za upelelezi za Kiswahili, au za mapenzi, au nyingine yoyote nzuri ambayo yeye mwenyewe angemshauri aisome. Bwana yule hakuitikia salamu. Alimuuliza, "Uko kidato gani?" Mpwa wangu akajibu kwamba amekwisha kumaliza shule. "Basi unavitakia nini?" Aliyasema hayo bila ya kuinua macho kutoka kwenye simu yake, kisha akachomoa mwongozo wa mtihani wa riwaya ya Nguu za Jadi, akausukuma juu ya kaunta na kuongeza, "Hiki ndicho kinachouzika."

Naomba msomaji asilipite swali hilo kwa haraka, maana mimi sijaweza. Mtu anayepata riziki yake kwa kuuza vitabu alimwambia msichana, mbele ya watu, kwamba kusoma hadithi ya lugha yake bila ya kulazimishwa na mwalimu ni jambo lisilo na sababu, na badala ya hadithi akampa muhtasari wa hadithi ambayo ameshaimaliza na kutahiniwa. Mpwa wangu aliurudisha mwongozo taratibu, akanishika mkono na kuniambia twende zetu. Sikwenda. Nilimjibu bwana yule palepale, kwa sauti iliyowafanya wateja wengine wageuke, lakini kaunta si mahali pa kueleza yote, na mengine nayaeleza hapa.

Kwanza, anavitakia furaha. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, na mpaka leo sijapata hadithi ya upelelezi iliyowahi kuniweka macho usiku kama ile. Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, rafiki yake Najum anayedhani ameshaelewa kumbe bado, na kila mhusika kushukiwa kwa zamu yake, yote hayo yamesimuliwa kwa Kiswahili cha Unguja kilicholainika hata unatamani kukisoma kwa sauti. Ukikimaliza, viko vingine vya Bwana Msa, kama vile Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Kwa mtu aliyechoshwa na shule sijui dawa iliyo bora kuliko hiyo.

Akitaka mapenzi, yaani mapenzi yanayoumiza, yasiyo ya kubembelezana tu, asome Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, kilichotoka mwaka 1972. Bahati, Idi na Mwinyi kila mmoja ana kiu yake, na mwandishi hamhukumu mtu hata mmoja mapema. Anakuacha umpende Idi kwanza, kisha ujute. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi nacho ni cha mapenzi, ingawa kimebeba mengi zaidi ya hayo: Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mwenye umri wa kuwa baba yake, anaikimbia ndoa na kujikuta katika Zanzibar ya wapigania uhuru. Waliotazama filamu ya mwaka 2021 iliyotokana nacho wasidhani wameshakimaliza.

Mwandishi huyohuyo aliandika Kuli, na hapa hasira yangu inapanda, kwa sababu sisi ni watu wa mji wa bandari. Kuli kinasimulia habari za wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo Mombasa yenyewe ilitikiswa na mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Babu za wengi wetu waliibeba mizigo ya aina hiyohiyo kwa migongo yao. Kitabu kama hicho kingestahili kuwekwa kwenye dirisha la mbele la duka lolote la vitabu katika mji huu, lakini pale dirishani nilikuta mabango ya mitihani ya majaribio.

Kisha kuna Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla ni mwana wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi mwaka 1972 kwa sababu ya waraka wake ulioitwa "Kenya: Twendapi?", na akiwa gerezani alitunga mashairi hayo kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Humo mna "Siwati", shairi ambalo mimi hulisoma kila ninapoona nguvu zinaniishia, na mna "Mamba", ambalo hata asiyependa ushairi hulielewa barabara. Nilimuuliza bwana wa kaunta kama wanayo. Akaniuliza kama ni kitabu cha dini. Ningemsamehe kutokijua kitabu, kwa kuwa hakuna mtu anayevijua vyote, lakini hakutaka hata kuandika jina lake mahali ili aje akiulizie; alinigeuzia mgongo na kumhudumia mzazi aliyekuwa na orodha ya shule mkononi.

Nilipata muda wa kuangalia rafu. Riwaya za Kiingereza zimepangwa kwa aina zake, za mapenzi peke yake, za upelelezi peke yake, za historia peke yake, wasifu wa watu mashuhuri peke yake, kila kundi na kibao chake. Vitabu vya Kiswahili vyote vimewekwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, navyo vimepangwa kwa kidato. Sasa mtu anayetaka maisha ya kweli atajuaje kwamba Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, mwanamke aliyetoka kijijini akauza vyungu, kisha akafika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake? Anayependa safari za kubuni za kwenda nchi isiyokuwapo atafikaje kwa Walenisi ya Katama Mkangi, ambamo Dzombo anarushwa ili afe na badala yake anatua mahali ambapo watu wameupanga upya ujamaa wao? Na kijana anayejiuliza maana ya kuishi nani atampa Nagona, kitabu chembamba cha Euphrase Kezilahabi ambacho mimi mwenyewe nisingependekeza mtu aanze nacho, lakini akishasoma Rosa Mistika na Kichwamaji atakuwa tayari? Rafu iliyopangwa kwa kidato haina nafasi ya msomaji aliyemaliza shule, na wengi wetu tumemaliza shule.

Hapo nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba mtu asikanyage pale. Lakini haki lazima isemwe. Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja aliyekuwa akipanga maboksi alitufuata na kumwambia mpwa wangu kwa sauti ya chini, "Dada, kama unapenda upelelezi, Bwana Msa yupo, nimemwona chini ya ile miongozo." Alipiga magoti, akaondoa marundo, akatoa nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale yenye vumbi lakini nzima, na pamoja nayo akatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022. Alieleza kwamba Peponi ameisoma mwenyewe wakati wa mapumziko ya mchana, kidogo kidogo, na kwamba alimwonea huruma Yusuf tangu ukurasa alipochukuliwa na Aziz kwa deni la baba yake. Uso wa mpwa wangu ulibadilika. Walizungumza kama watu waliofahamiana zamani, na kwa muda huo duka lile lilikuwa duka bora la vitabu nililowahi kuingia, nalisema hili kwa moyo mweupe.

Kisha msimamizi akamwita arudi kwenye maboksi. Alimwita kwa ukali, akasema wateja wa maana wanasubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni upi? Nilitaka kusema nendeni, mkamtafute kijana, mumwulize yeye, maana anayasoma anayoyauza, na watu wa namna hiyo ni wa kushikiliwa. Lakini kila nikikumbuka sauti ile ya kumrudisha kwenye maboksi naona kwamba tukienda tutakuwa tunamtajirisha mtu anayemzuia. Vitabu vya shule nitavinunua kwingine kuanzia sasa, hata nikilipa zaidi na hata nikisubiri. Na kama mwenye duka atayasoma haya, asimuudhi kijana kwa ajili yangu. Ampe rafu moja tu, aondoe vibao vya kidato, amwachie aipange atakavyo, na wiki hiyohiyo nitarudi na kununua.

Mpwa wangu amemaliza Mzimu wa Watu wa Kale, akanipigia simu usiku kunieleza nani muuaji kana kwamba mimi sijui, na sasa yumo katikati ya Kiu, niliyomwazima yangu. Anaulizia Nyota ya Rehema ya mwandishi huyohuyo, na nakala niliyokuwa nayo niliiazimisha zamani haijarudi. Anayejua mahali inapouzwa Mombasa, Malindi au hata Tanga, yawe maduka makubwa au wauzaji wa vitabu vilivyotumika barabarani, tafadhali aniambie.