Taarifa ya M-Pesa na ripoti ya CRB kwa wachumba: zinafichua nini, zinaficha nini

Hati hizi mbili nchini Kenya kwa kawaida huombwa na benki au mwajiri. Hapa tunazipima kwa kazi nyingine: kuwasaidia watu wawili wanaopanga kuoana wajuane kipesa kabla barua ya posa haijapelekwa. Kwa kazi hiyo, taarifa ya M-Pesa ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ripoti ya CRB, yaani ya kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, ni ya lazima, ila ni finyu.

Tuanze na M-Pesa. Piga *334#, ingia sehemu ya akaunti yako, chagua taarifa kamili, weka barua pepe na kipindi. Programu ya M-Pesa nayo inaitoa, na ni rahisi zaidi kuchagua tarehe. Faili huja ikiwa imefungwa, na nambari ya kuifungulia huja kwa ujumbe kwenye simu yenye laini hiyo. Ombeni ya miezi 6. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu karo, Krismasi na michango ya harusi za wengine haziangukii mwezi mmoja.

Ukurasa wa kwanza una muhtasari wa pesa zilizoingia na zilizotoka, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Jumla ya zilizoingia si mapato. Ndani yake mna pesa za Fuliza (mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha), akiba iliyotolewa M-Shwari (akaunti ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa), na pesa za watu wengine zilizopitia tu. Tuseme muhtasari wa miezi 6 unaonyesha shilingi 540,000 zimeingia. Ukigawa kwa 6 unapata 90,000 kwa mwezi, na mchumba anafurahi. Sasa ondoa 120,000 za chama cha kuweka akiba, kwa kuwa mwenye simu ndiye mweka hazina. Ondoa 66,000 za Fuliza na 54,000 alizojirudishia kutoka M-Shwari. Zinabaki 300,000, yaani 50,000 kwa mwezi. Nyumba ya kukodi ichaguliwe kwa hesabu ya 50,000.

Baada ya hapo shukeni kwenye mistari yenyewe. Kila mstari una nambari ya risiti, saa, maelezo, kilichoingia, kilichotoka na salio. Tafuteni maneno "OverDraft of Credit Party": hiyo ni Fuliza ikichukuliwa. Kisha "OD Loan Repayment": hiyo ni Fuliza ikijilipa yenyewe. Mara nyingi mstari huu wa pili hukaa papo hapo baada ya pesa kuingia, dakika ile ile, na salio linashuka kabla mwenyewe hajanunua hata unga. Ukijitokeza mara moja moja, si neno, kila mtu huishiwa. Ukijitokeza kila wiki, mwenzako anaishi mbele ya mshahara wake, na kila mara analipa ada ya 1% pamoja na ada ya kila siku hadi amalize. Hilo linazungumzika na linarekebishika, lakini ni lazima lionekane kwanza.

Panga pia malipo kwa makundi: kodi, stima, pesa za nyumbani kwa wazazi, wakopeshaji wa simu, kamari. Pesa za nyumbani zistahiwe. Mtu anayemtumia mamake 8,000 kila mwezi hataacha kwa sababu ameoa au ameolewa, na asiombwe aache. Ziingizwe tu kwenye bajeti kama kodi inavyoingizwa.

Kasoro ya taarifa hii ni pesa taslimu. Ikishatolewa kwa wakala haionekani tena. Msidai maelezo ya kila elfu moja iliyotolewa, maana mtagombana bure. Jumlisheni tu zilizotolewa kwa mwezi na mwulizane kwa ujumla zinaenda wapi. Kasoro nyingine: laini ya pili, Airtel Money na akaunti ya benki hazimo. Anayelipwa mshahara benki alete na taarifa ya benki, la sivyo mnasoma nusu ya kitabu.

Ripoti ya CRB sasa. Kenya ina kampuni 3 zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sheria inampa kila mtu haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Ombeni ripoti kamili, wala si kile cheti cha CRB ambacho waajiri huomba. Cheti hakiwaonyeshi mikopo mmoja mmoja. Ripoti huorodhesha mikopo, salio, na siku ambazo malipo yamechelewa.

Kuna hofu moja inayovunja mazungumzo bila sababu: kwamba kuwa na jina CRB ni kosa. Si kosa. Karibu kila aliyewahi kukopa benki yumo, mlipaji mzuri na mbaya. Kinachotafutwa ni mkopo ulioripotiwa kuwa haulipwi. Hata ukilipwa, rekodi hiyo inaweza kubaki hadi miaka 5, kwa hiyo tazameni kama salio ni sufuri kabla ya kumhukumu mtu. Deni lisilozidi 1,000 halipaswi kumletea mtu alama mbaya. HELB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iangaliwe kwa makini zaidi. Riba ya 4% si nzito, lakini faini ya kuchelewa ni 5,000 kwa mwezi, na mtu aliyenyamaza miaka miwili anaweza kudaiwa faini kubwa kuliko alivyofikiri.

Ripoti hii haina deni la shylock (mkopeshaji binafsi wa riba kubwa), deni la chama, wala pesa za mjomba. Na ina pengo ambalo huwaumiza watu wengi zaidi: dhamana za sacco (ushirika wa akiba na mikopo). Mtu anaweza kuwa hana mkopo hata mmoja, kumbe akiba yake ya 200,000 imefungwa kwa sababu amewadhamini wafanyakazi wenzake 3. Mmoja wao akiacha kazi na kuacha kulipa, sacco hukata kwa wadhamini. Kwa hiyo ombeni sacco taarifa inayoonyesha akiba, mkopo, na orodha ya anaowadhamini. Akiba iliyofungwa isihesabiwe kama pesa ya kununua kiwanja.

Alama zetu: taarifa ya M-Pesa 8 kwa 10, ripoti ya CRB 6 kwa 10. Zote mbili zinashuka hadi sufuri kama mmoja analeta na mwingine anasoma tu. Zifunguliwe siku moja, pande zote mbili, bila wazazi wala marafiki.

Mkikuta deni kubwa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaruhusu wachumba kuandikiana mkataba kuhusu mali kabla ya ndoa, kifungu cha 6. Kila mmoja awe na wakili wake, na asiwepo wa kulazimishwa, kwani mahakama inaweza kuutupa mkataba wenye ulaghai, shinikizo au dhuluma iliyo wazi. Mkimaliza kusoma, futeni faili za M-Pesa kwenye simu na barua pepe, kwa sababu zina majina ya watu wengi ambao hawakuombwa ruhusa.