Mashine ya kusafisha mbegu za maboga: eti nitumie boga changa!

Bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Nazungumzia ile mashine ya mkono ya kutenganisha mbegu za boga na utumbo wake, yenye ngoma ya matundu ndani ya bakuli na mpini wa kuzungusha juu. Kwenye tangazo mtu anatupia utumbo mbichi, anazungusha kidogo, mbegu zinatoka nyeupe pee. Pee!

Tatizo ni nyuzi. Aliyewahi kupasua boga anajua kila mbegu imeshikwa na uzi kwenye ile ncha iliyochongoka, tena ina utelezi juu yake. Mapanga ya mashine hii hayakati nyuzi wala hayazivuti, yanazisokota tu. Zinajiviringisha kwenye mhimili kama nywele kwenye kitana mpaka mpini unagoma. Nikakaza mkono kidogo, nikasikia "ka!", mpini huo mkononi. Na kitu bado kinanukia upya.

Ila haki yao niwape: ngoma ni nzuri. Matundu yamepimwa vizuri, mbegu haipenyi na vipande laini vya nyama vinapita. Nimeichomoa, naitumia kama chujio. Ingeuzwa peke yake ningewapa nyota nne bila ubishi.

Sasa sikieni kilichoniudhi. Nikamwandikia muuzaji na picha nikamtumia. Jibu lake: "Dada, boga lako limekomaa mno, tumia changa."

Hivi huyu amewahi kushika boga kweli? Mbegu za boga changa ni maganda matupu, ukizibonyeza zinanywea. Mbegu yenye kiini kilichojaa hutoka kwenye boga lililokomaa, lile ambalo ukucha hauingii kwenye ganda. Na kama unataka za kupanda ndiyo kabisa, boga likishavunwa unaliacha likae wiki kadhaa mbegu zizidi kujaa. Nikamweleza yote hayo, kwa adabu. Akanirudishia emoji ya kucheka, halafu kimya mpaka leo.

Kazi yenyewe niliimaliza kwa mikono. Utumbo wote kwenye beseni la maji, unafikicha, mbegu zinaelea, nyama nyingi inazama, unazikomba juu. Utelezi uliobaki unausugua kwenye chujio (hapo ngoma yao ilinifaa, sikatai). Kisha unazitandaza kwenye sinia, safu moja, unazigeuzageuza zikauke. Usitumie karatasi, zitaganda na utazibandua moja moja huku unalaani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu kwa ajili ya ngoma. Nilipofika kwenye ile emoji zikabaki mbili. Sasa hivi nimefungua tena ujumbe wake nikausoma, basi, moja inawatosha. Ngoma siirudishi. Mpini waje waufuate wenyewe.